Kupitiwa: namna ya kupima kichwa kilichokosa usingizi

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo mawili. Aliyesinzia kitini husema amepitiwa, na aliyesahau kuzima jiko naye husema amepitiwa. Hakuna anayeuliza kilichompitia ni nini. Kitu kimekatiza mbele ya macho, mwenye macho hakuwepo, basi. Wanaopima athari za kukosa usingizi wamehangaika kwa zaidi ya miaka mia kuligeuza neno hilo kuwa namba, na kipimo wanachokitegemea sana leo kimeundwa kwa ajili hiyo hasa: kuhesabu mara ngapi mtu amepitiwa ndani ya dakika kumi.

Kosa la kwanza la anayejipima mwenyewe ni kutafuta kasi. Anapakua mchezo wa simu, anabonyeza mara tano duara linapogeuka kijani, anapata wastani wa milisekunde 260. Anakumbuka wiki iliyopita alipata 255, anajipa pole kidogo, kisha anaamini kuwa usiku wa saa tatu za usingizi haukumdhuru. Namba zake huenda ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba mtu aliyekesha usiku kucha, akiombwa ajaribu mara tano tu, anaweza kujikaza mara zote tano. Miitikio yake ya kasi zaidi hubaki karibu na ile ya siku aliyolala vizuri. Uharibifu uko upande mwingine wa orodha: baada ya 250, 270 na 255 unakuja mmoja wa 700. Dakika moja mbele unakuja wa 1,900. Halafu anarudi kwenye 260 kana kwamba hakuna kilichotokea, na ukimuuliza, mara nyingine atakuapia kuwa taa ilichelewa kuwaka.

Ugunduzi huu haukuja mara moja. Mwaka 1896, G. T. W. Patrick na J. Allen Gilbert wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaweka watu watatu macho kwa saa 90 na kuwapima mambo mengi, muda wa mwitikio ukiwamo. Mwaka 1959, Harold Williams, Ardie Lubin na Jacqueline Goodnow walieleza kwa kina jambo ambalo wastani ulikuwa umelificha: utendaji wa aliyekesha hauporomoki sawasawa, bali hukatika vipande. Mwaka 1982 Robert Wilkinson na David Houghton wakatengeneza kipima mwitikio cha kubebeka kilichohifadhi data kwenye kaseti. Kisha mwaka 1985 David Dinges na John Powell wakachapisha zoezi la dakika kumi ambalo sasa linajulikana dunia nzima kwa kifupi cha PVT, yaani Psychomotor Vigilance Test, kipimo cha kukaa macho na kuitikia. Toleo lake fupi limetumiwa hata na wanaanga katika Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Dakika kumi za kuchosha

Zoezi lenyewe ni jepesi mno. Mpimwa anatazama kidirisha cheusi. Baada ya muda usiotabirika, kati ya sekunde 2 na 10, kidirisha kinaanza kuhesabu milisekunde kwa tarakimu zinazokimbia. Anabonyeza kitufe, tarakimu zinasimama, anaona alichopata kwa sekunde moja hivi, kidirisha kinazimika, kusubiri kunaanza upya. Asipobonyeza kwa sekunde 30, mashine inalia kumwamsha na jaribio hilo linafungwa. Ndani ya dakika kumi hupatikana majaribio takriban 90. Hakuna swali la kujibu, hakuna rangi za kutofautisha, hakuna cha kujifunza.

Ufukara huo umekusudiwa. Zoezi lenye mafumbo humwamsha mpimwa, na pia humfundisha: akilirudia mara kumi, alama zake zitapanda kwa sababu amezoea, na huwezi tena kutenganisha mazoea na usingizi. Hili la kubonyeza kitufe halina pa kuboreka, kwa hiyo unaweza kumpima mtu yuleyule kila saa mbili kwa siku tatu na bado namba zikawa na maana. Uchovu wa kuchoshwa nao ni sehemu ya kipimo. Kujikaza ni kama kushika pumzi: dakika mbili za mwanzo mtu anaweza, ya saba inamshinda. Ndiyo maana dakika tano za mwisho huwa mbaya kuliko tano za mwanzo, na tofauti hiyo hupanuka kadiri mtu alivyokesha.

Hapo ndipo jaribio la rula linaposhindwa, ingawa ni zuri kwa darasa la fizikia. Mmoja anaiachia rula, mwingine anaidaka, umbali unageuzwa kuwa muda: sentimita 10 ni milisekunde 143, sentimita 20 ni 202, sentimita 30 ni 247. Rula ya kawaida inaishia hapohapo. Atakayechelewa kwa milisekunde 500 hutapata kipimo chake, kwa sababu rula imeshalala sakafuni na utamwambia ajaribu tena. Yaani umelitupa tukio moja ulilopaswa kulihesabu. Isitoshe, kuna mtu amesimama mbele yake akimtazama vidole, na hilo peke yake linatosha kumwamsha aliyekesha.

Kutotabirika kwa muda wa kusubiri kuna mtego wake. Wengi huchagua muda wowote kati ya sekunde 2 na 10 kwa uwezekano ulio sawa, na ndivyo zoezi la kawaida lilivyo. Lakini ukishasubiri sekunde 8 bila taa, unajua imekaribia, na mwili unajiweka tayari. Kwa hiyo miitikio inayofuata subira ndefu huwa ya kasi kidogo kuliko inayofuata subira ya sekunde 2 au 3, hata kwa mtu aliyelala fofofo. Si kasoro ya kuua kipimo, ila inakutaka uhifadhi muda wa kusubiri kando ya kila mwitikio, na usilinganishe siku yenye subira nyingi fupi na siku yenye subira nyingi ndefu. Mwenye haraka hupunguza masafa hadi sekunde 2 na 4 ili apate majaribio mengi, kisha anashangaa kwa nini hawezi kulinganisha namba zake na za mtu yeyote.

Kuna toleo la dakika tatu lililofanyiwa utafiti wake, na kanuni zake ni tofauti: subira ni kati ya sekunde 1 na 4, na kikomo cha kuhesabiwa umepitiwa ni milisekunde 355 badala ya 500 ya zoezi la dakika kumi. Linafaa pale ambapo dakika kumi haziwezekani. Usichukue tu dakika tatu za kwanza za zoezi la dakika kumi ukaziita toleo fupi, wala usitumie kikomo cha 500 kwenye dakika tatu. Ukifanya hivyo karibu kila mtu ataonekana mzima.

Kifaa kinachodanganya

Ukipima milisekunde 250, kila kitu kilichoko kati ya jicho na namba kinaongeza chake. Skrini inayojichora upya mara 60 kwa sekunde hubadilika kila baada ya milisekunde 16.7. Programu ikiagiza duara litokee katikati ya mzunguko, duara husubiri mzunguko ujao huku saa ikiwa imeshaanza kuhesabu. Kibodi nyingi za waya huulizwa na kompyuta mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Skrini ya kugusa na vifaa visivyo na waya vinaweza kuongeza makumi ya milisekunde, na nyongeza hiyo hubadilika kutegemea simu ina shughuli gani nyingine wakati huo. Vivinjari navyo vilipunguziwa usahihi wa saa zao makusudi mwaka 2018, baada ya kugundulika udhaifu wa kiusalama katika vichakataji vya kompyuta, ingawa kwa kazi hii hilo ndilo dogo kuliko yote.

Ucheleweshaji wa aina mbili usichanganywe. Ule usiobadilika, tuseme milisekunde 70 kila mara, unavumilika: unaathiri namba ya leo na ya kesho kwa kiasi kilekile, na tofauti kati yao inabaki safi. Lakini hata huo unasogeza kikomo. Kifaa kinachoongeza 70 kitamhesabia mtu kupitiwa alipochelewa kwa 430 tu. Ule unaoyumba ndio mbaya. Kifaa kikiongeza mara 40, mara 130, kinatengeneza miitikio isiyo sawa, na kutokuwa sawa ndiko ulikotaka kukipima. Kwa hiyo usibadilishe simu katikati ya upimaji. Usisasishe mfumo wake katikati. Usilinganishe simu yako na kompyuta ya mwenzako.

Kujua kifaa chako kinadanganya kiasi gani ni kazi ya nusu saa. Chukua simu ya pili yenye kamera ya mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde, ambapo kila picha ni milisekunde 4.2. Rekodi skrini na kidole kwa pamoja katika majaribio 20 au 30. Hesabu picha kuanzia ile ya kwanza ambayo duara limeonekana hadi ile ambayo kidole kimegusa, zidisha kwa 4.2, kisha linganisha na namba iliyoandikwa na programu. Toa moja kwenye nyingine. Ukiona ziada ni 65, 72, 68, 70, unaweza kufanya kazi nacho. Iandike ziada hiyo juu ya karatasi yako ya data. Ukiona 40, 110, 55, 130, weka kifaa pembeni. Hakikisha duara linatokea sehemu ileile ya skrini kila mara, kwa kuwa skrini nyingi hujichora kuanzia juu kwenda chini.

Anayeweza kushika chuma cha kulehemu ana njia safi zaidi. Bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo unayoiandikia programu mwenyewe), taa moja ya LED, rezista ya omu 220, kitufe kimoja chenye mbonyezo unaosikika, waya kidogo. Taa iende kwenye pini ya 8 kupitia rezista. Kitufe kiunganishwe kati ya pini ya 2 na ardhi, na kwenye programu pini hiyo iwekwe INPUT_PULLUP ili usihitaji rezista nyingine. LED huwaka papo hapo, tofauti na balbu ya uzi inayochukua muda kupata moto. Soma muda kwa micros(), ambayo kwenye bodi hiyo huruka kwa hatua za mikrosekunde 4. Saa ya bodi yenyewe inaweza kukosea kwa nusu ya asilimia, yaani milisekunde mbili na nusu katika 500. Hiyo haitamnyima mtu usingizi.

Yanayoharibika huwa ni haya. Kitufe hakifungi mara moja: vyuma vyake hudundadunda kwa milisekunde chache, na bodi huona mibonyezo mitano pale ulipobonyeza mara moja. Dawa yake ni kuchukua mguso wa kwanza kabisa na kupuuza yote ya milisekunde 50 zinazofuata. Ukisubiri kitulie ndipo usome, umejiongezea ucheleweshaji mwenyewe. Pili, random(), amri ya kutoa namba za kubahatisha, bila randomSeed() inayoipa mbegu ya kuanzia, hutoa mfuatano uleule kila bodi inapowashwa. Mpimwa wa mara ya kumi anakuwa ameshaujua wimbo bila kujua kwamba anaujua. Ipe mbegu kwa kusoma pini ya analogi isiyounganishwa na kitu. Tatu, wengi huandika delay() ya kusubiri, na wakati huo programu inayosoma kitufe kwa zamu haisomi chochote, kwa hiyo mibonyezo ya papara yote inapotea bila kurekodiwa. Tengeneza subira kwa kulinganisha muda ndani ya mzunguko. Nne, kagua kwamba kitufe kimeachiwa kabla ya taa kuwaka, la sivyo mjanja atakibana muda wote na kukuletea mwitikio wa milisekunde sifuri.

Chumba, saa, na kikombe

Mpimwa akae peke yake, mwanga uwe uleule kila siku, simu yake izimwe na saa ya ukutani igeuzwe. Anayejua zimebaki dakika mbili hupata nguvu mpya za kumalizia. Atumie kidole kilekile cha mkono aliouzoea, kikiwa juu ya kitufe tayari. Maagizo yasomwe kwa maneno yaleyale kila mara: bonyeza upesi iwezekanavyo taa inapowaka, usibonyeze kabla. Nusu ya pili ya sentensi ina uzito sawa na ya kwanza. Ukimwambia tu awe na kasi, atakisia, na makisio yatakupa namba nzuri za uongo.

Afanye mazoezi mara mbili au tatu ambazo hazihesabiwi. Kisha unahitaji msingi: siku kadhaa za usingizi wa kutosha, akipimwa saa zilezile utakazompima baadaye. Bila msingi wa mtu mwenyewe huna kitu. Kuna wenye wastani wa 230 na kuna wenye 290, wote wamelala, wote wazima. Na tofauti hazikomi hapo. Katika tafiti zilizowakesha watu walewale zaidi ya mara moja, aliyeporomoka vibaya mara ya kwanza aliporomoka tena, na aliyestahimili akastahimili tena. Ni tabia ya mwili wa mtu, kama urefu, na huwezi kuitabiri kwa kumtazama usoni.

Saa ya siku ni jambo ambalo watu hulipuuza kuliko yote. Alexander Borbély alieleza mwaka 1982 kwamba usingizi huongozwa na nguvu mbili: deni linaloongezeka kila saa uliyo macho, na saa ya ndani ya mwili inayopanda na kushuka bila kujali deni hilo. Ndiyo sababu aliyekesha huwa hoi kuanzia saa 9 usiku, huendelea hivyo mpaka asubuhi ya jua kali, kisha jioni ya siku hiyo hiyo anachangamka kidogo ingawa amekuwa macho kwa saa nyingi zaidi. Ukimpima msingi saa 12 jioni na ukampima baada ya kukesha saa 12 asubuhi, umepima vitu viwili kwa mpigo na hutajua kipi ni kipi.

Aliyetoka kuamka asipimwe. Yale mang'amung'amu ya usingizi huchukua dakika 15 hadi 30 kuisha kwa kawaida, na aliyeamshwa katikati ya usingizi mzito huweza kuyabeba kwa muda mrefu zaidi. Namba zake zitafanana na za aliyekesha ilhali ametoka kulala. Kafeini nayo ina pande mbili. Nusu yake hubaki mwilini baada ya saa tano hivi, na watu hutofautiana sana, kwa hiyo kikombe cha saa 9 alasiri bado kinafanya kazi saa 2 usiku. Lakini kumkataza kikombe mtu aliyekizoea kila asubuhi, tena siku hiyohiyo ya kipimo, humletea uzito wa kichwa ambao utauandika kwa jina la usingizi. Ama aache siku kadhaa kabla, ama anywe kiasi kilekile saa ileile siku zote. Kwenye karatasi andika: saa aliyolala, saa aliyoamka, alichokunywa na lini, dawa yoyote, hasa za mafua na mzio, kwa kuwa kadhaa kati ya hizo husinziza.

Usimwache aliyekesha ajiendeshee gari kuja kupimwa. Wala kwenda.

Kusoma orodha

Chukua mfano mdogo wa miitikio mitano: 250, 260, 270, 240, 255. Wastani ni 255. Sasa ondoa ule wa mwisho, weka 1,500, mtu amepitiwa mara moja. Wastani unakuwa 504. Ukiripoti kwamba mpimwa amekuwa mzito maradufu umesema uongo, kwa sababu mara nne kati ya tano alikuwa vilevile. Ukichagua namba ya katikati badala ya wastani, unapata 260, na sasa umesema uongo wa upande wa pili: tukio lote limefutika.

Njia inayopendekezwa na waliolichunguza zoezi hili kwa kina ni kuripoti mambo mawili. La kwanza ni kasi ya mwitikio: gawanya 1,000 kwa kila mwitikio, kisha tafuta wastani wa majibu hayo. Katika mfano wetu wa kwanza inatoka 3.93, wenye 1,500 inatoka 3.28. Imeshuka kwa asilimia 17 hivi. Tukio linaonekana bila kumeza mengine yote, kwa kuwa tofauti kati ya sekunde moja na nusu na sekunde nne, ikigeuzwa hivyo, ni ndogo. La pili ni idadi ya mara alizopitiwa, yaani miitikio yote ya milisekunde 500 au zaidi, pamoja na ile ambayo haikuja kabisa. Aliyelala vizuri hupata sifuri, moja, pengine mbili. Aliyekesha usiku mzima anaweza kuvuka kumi bila shida.

Mibonyezo ya papara iandikwe peke yake: yote iliyokuja kabla ya taa, na yote iliyo chini ya milisekunde 100 baada yake. Hakuna jicho la binadamu linaloona, likapeleka habari, na kidole kikabonyeza ndani ya 100; huyo alikisia. Ungetegemea mwenye usingizi apungukiwe na papara, maana amelegea. Hali ni kinyume. Papara huongezeka pamoja na kupitiwa. Mwaka 2001 Scott Doran, Hans Van Dongen na Dinges waliieleza hali hiyo kama kuyumba: usingizi unavuta, mtu anajivuta kurudi, na katika kujivuta huko anabonyeza taa isiyokuwepo. Orodha yenye papara nane na kupitiwa mara kumi na mbili ni ya mtu anayepigana. Orodha ya kupitiwa mara thelathini bila papara hata moja ni ya mtu aliyekwisha acha kupigana, au aliyeamua kukutania. Mtazame macho.

Gawa pia dakika kumi katikati, ukahesabu kila upande. Aliyeanza na kupitiwa mara moja akamaliza na tisa ana deni la usingizi. Aliyepata tano na tano yawezekana hakuelewa maagizo, ana kitufe kibovu, au anawaza mengine.

Kipimo hiki hakijui sababu. Homa, dawa, pombe, huzuni na uvivu vyote hupita kwenye kitufe kilekile. Hakigundui ugonjwa wa usingizi. Kwa hilo maabara humlaza mtu mchana mara nne au tano, kila baada ya saa mbili, na kupima kwa mawimbi ya ubongo anachukua dakika ngapi kusinzia. Wala hakitoi cheti cha kuendesha mashine. Matokeo mazuri ya saa 4 usiku hayasemi lolote kuhusu saa 10 alfajiri ya usiku huohuo. Na ule ulinganisho maarufu, kwamba saa 17 za kuwa macho ni sawa na kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, ulitoka kwenye utafiti wa mwaka 1997 uliotumia zoezi la kufuatilia shabaha kwa mkono na jicho. Si zoezi hili. Watu huuweka popote wanapotaka.

Kinachonifanya niendelee kukipendekeza ni matokeo mawili ya mwaka 2003. Katika la kwanza, Van Dongen na wenzake waliwapa watu wazima saa 4, 6 au 8 za kitandani kila usiku kwa siku 14. Walionyimwa walizidi kupitiwa siku hadi siku bila kutulia, hadi wakafikia kiwango cha watu waliokesha usiku mmoja mpaka miwili mfululizo. Saa sita, kumbuka, ni usiku ambao wengi huuita wa kawaida. Katika la pili, kundi la Gregory Belenky liliwapa watu saa 3, 5, 7 au 9 kwa siku saba, kisha likawarudishia saa 8 kwa siku tatu. Siku hizo tatu hazikutosha kuwarejesha walionyimwa pale walipoanzia.

Lakini kwenye utafiti wa kwanza kulikuwa na safu nyingine ya namba: watu waliulizwa wanajisikia usingizi kiasi gani. Siku za mwanzo walisema wamechoka. Baadaye majibu yao karibu yakasimama, huku kitufe kikiendelea kuonyesha mteremko. Walidhani wamezoea.

Kwa hiyo ongeza safu hiyo kwenye karatasi yako. Kabla ya zoezi, mpimwa ajipe namba kwenye kipimo cha Karolinska cha kujikadiria usingizi, 1 ikiwa macho kabisa na 9 ikiwa anapigana kutolala. Baada ya zoezi, kabla hajaona chochote, aulizwe anadhani amepitiwa mara ngapi. Makisio hayo ayaandike kwa kalamu ya wino, ndipo ufungue faili.